Harufu na mafuta ya mbegu za viungo: dalili, vyanzo na marekebisho, kuanzia mbegu bichi hadi kavu

Giligilani kavu inanuka kunguni. Shamari iliyoachwa shambani mpaka ikakauka kabisa imetoa mafuta kiduchu. Kisibiti kinanukia ganda la chungwa. Malalamiko haya hurudi kila msimu, na anayelalamika huwa ameshapata wa kumlaumu: muuza mbegu, ghala au mtambo wa kukeneka, yaani wa kutoa mafuta kwa mvuke. Ghala na mtambo vina makosa yao, tutayafikia, lakini swali la kwanza ni jingine: siku ya kuvuna, mbegu zilikuwa na rangi gani?

Mafuta ya kunukia hutengenezwa mapema katika maisha ya mbegu, kisha hugeuka kadiri inavyokomaa. Katika jamii ya karoti, yenye giligilani, shamari, jira, kisibiti, shibiti na anisi, kile tunachokiita mbegu ni tunda kavu lenye nusu mbili. Kata nusu moja ya shamari kukingama kwa wembe, uitazame kwa lenzi ya mkono: utaona vitundu sita vya kahawia iliyoiva, vinne upande wa mgongo na viwili upande ulio bapa. Hiyo ndiyo mifereji ya mafuta. Iko kwenye ukuta wa tunda, nje ya kiini, na jambo hilo dogo linaeleza mengi kati ya yanayofuata.

Kabla hujaenda kwenye dalili yako, tenganisha vipimo vitatu ambavyo watu huvichanganya: kiasi cha mafuta ndani ya mbegu moja, asilimia ya mafuta kwa uzito wa mbegu, na mchanganyiko wa kemikali zilizomo kwenye mafuta hayo. Kimoja kinaweza kupanda huku kingine kikishuka. Anayesema "mafuta yamepungua" bila kusema ni kipimo kipi, hajasema kitu bado.

Dalili: giligilani inanuka kunguni, au sabuni

Ponda tunda bichi la giligilani kati ya vidole. Harufu inayotoka ni ile ya majani yake, nzito, ya mafutamafuta. Hizo ni aldehidi, hasa desenali na dodesenali, na pua haikosei inapomkumbuka mdudu, kwa kuwa wadudu wanaonuka wakiguswa hutumia aldehidi za ukoo huohuo kujilinda. Tunda bichi lina mifereji ya namna mbili. Ile ya pembezoni, chini ya ngozi, imebeba aldehidi. Ile ya ndani, pale nusu mbili zinapokutana, imebeba mafuta yenye linaloli. Tunda linapoiva na kukauka, mifereji ya pembezoni hubanwa ikasinyaa na mafuta yake hupotea, ya ndani ikabaki. Kwa hiyo mafuta ya giligilani iliyokomaa huwa na linaloli ya kiasi cha asilimia 60 hadi 80, na harufu yake inageuka kuwa tamu, ya maua, yenye ndimu kwa mbali.

Vyanzo, kuanzia kinachotokea zaidi:

1. Zimevunwa mbichi, au mbichi zimechanganyika na zilizokomaa. Mimina kiganja kimoja kwenye karatasi nyeupe chini ya mwanga wa mchana. Tunda lililokomaa ni la manjano iliyofifia hadi kahawia. Zile zenye ukijani zitenge, ponda tano za kijani kisha tano za kahawia, unuse moja moja. Kama tofauti ni ya wazi, huna haja ya kutafuta zaidi.

2. Majani na vijiti vimebaki ndani. Majani hayaivi kama tunda linavyoiva. Harufu yao ni ya aldehidi mwanzo hadi mwisho. Pepeta upya, chekecha, nusa tena.

3. Hazijakauka vizuri. Tunda lililotoka kugeuka rangi bado lina mabaki ya pembezoni. Litandaze kivulini penye upepo, safu nyembamba, ulipindue kila siku. Harufu ikipungua siku hadi siku, endelea.

4. Wadudu wenyewe wamepurwa pamoja na mbegu. Haitokei mara nyingi, lakini hutokea, na wachache tu wanatosha kuharibu harufu ya turubai zima. Tafuta mabawa na magamba kwenye makapi.

5. Ni pua ya anayenusa. Kuna watu wanaozisikia aldehidi hizi kama sabuni, na jambo hilo limehusishwa na tofauti kwenye jeni ya kipokezi cha harufu kiitwacho OR6A2. Wape watu watatu au wanne wanuse kabla ya kurudisha mzigo kwa aliyeuuza.

Ukiwa bado hujavuna, subiri matunda ya miavuli mikuu (vishada vya juu ya shina) yawe kahawia na yale ya miavuli inayofuata yaanze kugeuka. Kata mashina mazima uyaning'inize vichwa chini, yamalizie kukauka yakiwa kwenye shina. Ukiwa umeshavuna na kuna ukijani mwingi, dawa ni kukausha taratibu na kuchagua. Kuzikaanga ili "kutoa harufu mbaya" kunaondoa aldehidi na linaloli kwa pamoja. Kwa chakula cha siku hiyo haina neno, kwa mzigo wa kuuza ni hasara.

Jambo jingine la giligilani ni ukubwa. Aina zenye punje ndogo, chini ya milimita 3, kwa kawaida zina asilimia kubwa ya mafuta kuliko zenye punje kubwa. Anayelinganisha mazao yake na ya jirani bila kutazama ukubwa wa punje analinganisha vitu viwili tofauti. Na punje zilizopasuka katikati wakati wa kupura hupoteza mafuta haraka, kwa sababu mfereji wenye linaloli umekaa palepale penye mpasuko.

Dalili: kadiri ninavyosubiri, asilimia ya mafuta inashuka

Kila nikisikia dalili hii naomba kuona hesabu kabla ya kuona mbegu. Mara nyingi hakuna kilichopotea.

Chukua mfano wa kufikirika. Mbegu changa ina uzito mkavu wa miligramu 4, na ndani yake mna miligramu 0.3 za mafuta ya kunukia. Hiyo ni asilimia 7.5. Baada ya muda imejaa protini na mafuta mazito ya akiba, ina miligramu 6, na mafuta ya kunukia ni yaleyale 0.3. Sasa ni asilimia 5. Mifereji ilijaa mapema. Kilichoongezeka ni mwili wa mbegu. Shamari huonyesha hili vizuri, na pilipili manga vivyo hivyo, ila ndani ya pilipili kinachoongezeka ni wanga.

Chunguza kwa mpangilio huu:

Kwanza, je, ulipima ukiwa umeondoa maji kwenye hesabu? Mbegu ya kijani inaweza kuwa na maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Asilimia ya mbegu mbichi na ya mbegu kavu haziwekwi kwenye jedwali moja. Pima gramu kadhaa, kausha sampuli nyingine ya mbegu hizohizo kwenye oveni mpaka uzito usibadilike, na upige hesabu kwa uzito mkavu. Ile sampuli ya oveni usiikeneke, harufu yake imekwenda. Ni ya kupimia maji tu.

Pili, pima uzito wa mbegu 1,000 katika kila hatua. Zidisha uzito huo kwa asilimia ya mafuta. Jibu likibaki palepale au likipanda, mafuta hayajapungua, yamezimuliwa tu ndani ya mbegu iliyonenepa. Jibu likishuka, hapo kuna upotevu wa kweli.

Tatu, kama upotevu ni wa kweli: mvua juu ya mbegu zilizokwisha kukauka shambani, jua kali la muda mrefu, mifereji iliyopasuka kwa kupura kwa nguvu, au zile zilizoiva vizuri kuliko zote kupukutika kabla hujafika. Hilo la mwisho hudanganya sana, maana kilichobaki kwenye shina ni za miavuli ya baadaye, na unapima mbegu tofauti na zile ulizopima mwanzo.

Uamuzi unategemea unauza nini. Anayeuza mbegu kwa uzito asubiri zijae. Anayekeneka mafuta azidishe mavuno ya eneo lake kwa asilimia, asifuate asilimia peke yake. Kuvuna mapema kupita kiasi kunakupa namba nzuri ya maabara na chupa nusu. Kungumanga ni tofauti kidogo: zinazokenekwa mara nyingi ni zile changa, ambazo hazijajaa wanga na mafuta mazito. Hata zilizoliwa na funza zilipata soko kwa wakenekaji, kwa sababu funza hula wanga na mafuta mazito na kuacha sehemu kubwa ya mafuta ya kunukia. Ni za mtambo hizo. Jikoni zisifike.

*Simama hapa:* mbegu zilizonyeshewa zikaonyesha ukungu, au zikatoa harufu ya chumba kilichofungwa, usizionje na usizichanganye na nzuri. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haionekani kwa macho, haina harufu ya kuitambua, na haiondoki kwa kukausha upya wala kwa kukaanga. Mzigo wa kuuza kwa chakula upelekwe maabara. Usipopimwa, utupwe.

Dalili: kisibiti kinanukia chungwa, shibiti inanukia majani

Hapa kemia ya kuiva iko wazi kuliko kwa kiungo kingine chochote katika orodha hii. Kisibiti huanza kwa kutengeneza limoneni, kitu kilekile kinachotawala kwenye mafuta ya ganda la chungwa. Tunda changa lina hiyo kwa wingi na karvoni kidogo sana. Baadaye kimeng'enya kingine kinaanza kazi: kinaigeuza limoneni kuwa kaveoli, na kaveoli inageuzwa haraka kuwa karvoni, ambayo ndiyo harufu halisi ya kisibiti. Kwenye tunda lililokomaa karvoni hupita nusu ya mafuta yote, na limoneni inachukua karibu kila kinachobaki.

Kwa hiyo ukisikia chungwa bila ile harufu kali ya mkate wa kisibiti, mbegu zilikatwa kabla mgeuko haujamalizika. Angalia rangi: kahawia ya kukoza yenye mistari myepesi ndiyo unayoitaka, si kijani iliyokaushwa ikawa kijivu. Ukikata mapema mno, hakuna njia ya kuurudisha mgeuko huo kwenye ghala, kwa kuwa unafanywa na tunda lililo hai. Tunda la rangi mchanganyiko lililoachwa kwenye shina lililokatwa linaweza kusogea kidogo. La kijani lililokwisha kupurwa halisogei.

Chanzo cha pili ni mwanga. Kisibiti hutengeneza mafuta kwa sukari inayotoka kwenye majani kipindi hichohicho mbegu inapojaa. Mimea iliyobanana, magugu marefu au mawingu ya wiki nzima wakati huo hupunguza mafuta, na msimu ujao marekebisho ni nafasi na palizi. Chanzo cha tatu ni aina: kisibiti cha mwaka mmoja kwa kawaida kina mafuta pungufu kuliko cha miaka miwili.

Shibiti nayo inaishia kwenye karvoni na limoneni, lakini inaanzia kwingine. Majani na maua yake yana felandreni pamoja na kitu kiitwacho etha ya shibiti, harufu ya kijani, ya kachumbari. Ukikeneka mmea mzima wenye mbegu changa utapata mafuta ya namna hiyo, na ni bidhaa halali yenye wateja wake. Kosa ni kuyaita mafuta ya mbegu.

Na kama mafuta ya kisibiti yananukia mnanaa? Karvoni ya mnanaa na ya kisibiti zina atomi zilezile zilizopangwa kinyume, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na pua inazitofautisha. Mbegu ya kisibiti haitoi ile ya mnanaa kwa kuvunwa mapema wala kwa kuchelewa. Shuku chombo kilichotumika kwa mnanaa, au mtu aliyeongeza kitu. Kulithibitisha hilo ni kazi ya maabara yenye kromatografia ya gesi, kipimo kinachotenganisha kemikali za mafuta, tena yenye safuwima ya kutenganisha pande hizo mbili; usimtuhumu muuzaji kwa pua peke yake.

Dalili: gunia moja, harufu mbili

Mmea wa jamii ya karoti hauivi kwa siku moja. Mwavuli mkuu, ulio juu ya shina, unatangulia. Miavuli ya matawi inafuata, kisha ya matawi madogo. Siku mwavuli mkuu umekauka, ile ya chini bado ina maua. Ukikata yote kwa mkupuo umepata hatua tatu za kuiva ndani ya gunia moja, na kila konzi itanuka tofauti. Njia rahisi ni kuvuna mara mbili, au kukata miavuli mikuu kwanza na kuikausha peke yake. Kwa shamba linalovunwa kwa mashine, vuna wakati miavuli inayobeba mavuno mengi imeiva, kisha tenganisha kwa chekecheo na upepo; changa nyingi ni ndogo na nyepesi. Kata alfajiri, umande ungalipo, zisipukutike.

Wengi hushuku pia kwamba shamari tamu "imechanganya damu" na shamari chungu ya jirani, ndiyo sababu mbegu za msimu huu zina ladha ya ajabu. Mseto unaweza kutokea, ila hauonekani kwenye gunia hili. Mifereji ya mafuta iko kwenye ukuta wa tunda, na ukuta huo ni mwili wa mmea mama. Chavua ya jirani inaingia kwenye kiini tu. Athari utaiona ukizipanda mbegu hizo na mimea yake ikazaa. Kama gunia la leo lina ladha mbili, tafuta hatua za kuiva au mbegu za kupandia zilizokwisha changanyika tangu mwanzo.

*Simama hapa, na hili lisipuuzwe:* ukikuta kwenye shamba au kwenye gunia matunda ya jamii hii usiyoyatambua, usiyaonje ili kujua ni nini. Konio, mmea wenye sumu wenye jina la kisayansi Conium maculatum, ni wa jamii hiihii, na matunda yake yanaweza kudhaniwa kuwa anisi au shamari. Mara nyingi shina lake laini lina madoadoa ya zambarau na ukilivunja linatoa harufu ya panya. Alkaloidi zake, yaani kemikali zake za sumu, hubadilika tunda linapoiva, sumu inabaki. Mwite mtaalamu wa mimea, na gunia lote liwekwe pembeni hadi ajibu. Aliyekwisha meza apelekwe hospitali hapohapo, bila kusubiri dalili.

Dalili: shamari ina uchungu wa kafuri

Huyo ni fenkoni, kemikali yenye uchungu huo. Karibu kila mara chanzo ni aina ya shamari. Famakopea ya Ulaya, kitabu cha viwango vya dawa, inazitenganisha: shamari chungu lazima iwe na angalau mililita 40 za mafuta kwa kilo, yenye anetholi (kemikali ya harufu tamu ya shamari na anisi) isiyopungua asilimia 60 na fenkoni isiyopungua 15, shamari tamu ni mililita 20 kwa kilo, na anetholi isiyopungua 80. Kuvuna mapema au kuchelewa hakuwezi kuigeuza moja kuwa nyingine. Badilisha mbegu za kupandia.

Dalili: mafuta ya shamari au anisi yameganda chupani

Hayajaharibika. Anetholi huganda ikishuka chini ya nyuzi 21 za Selsiasi, na kadiri mafuta yalivyo na anetholi nyingi ndivyo yanavyoganda upesi. Weka chupa iliyofungwa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yayeyuke yote, itikise taratibu, ndipo upime au ugawe. Ukigawa yakiwa nusu yameganda, chupa moja itapata anetholi na nyingine itapata mabaki.

Dalili: iliki imefifia, pilipili manga ni nyepesi

Hizi ziko nje ya jamii ya karoti, nami nitapita haraka.

Iliki hubeba mafuta kwenye mbegu. Ganda lina kidogo mno, ila ndilo linaloyalinda. Inayoachwa mpaka iive kabisa hupasuka ikikaushwa, mbegu zinabaki wazi na harufu inakwenda. Vuna ikiwa imekomaa ila haijaanza kugeuka manjano. Ikivunwa changa mno, nayo hunywea na mbegu zake zinabaki nyeupe au kahawia hafifu badala ya nyeusi. Menya kumi uzitazame. Harufu ya iliki husimama juu ya sineoli, iliyo kali na ya baridi, na asetati ya terpinili, iliyo tamu. Iliki inayochoma pua bila utamu mara nyingi ni changa.

Pilipili manga nyepesi iliyokunjamana: itumbukize kwenye glasi ya maji. Zinazoelea ni changa, hazijajaa wanga. Mteja wa punje nzima atazikataa, lakini kwa uzito wake zina mafuta na piperini nyingi, na viwanda vya kukamua viungo huzitafuta. Kumbuka kwamba ukali unatokana na piperini, ambayo haipandi na mvuke. Mafuta ya pilipili manga yananukia pilipili na hayawashi ulimi kama pilipili, basi usiseme mtambo umeharibika.

Dalili: zilinukia vizuri siku ya kuvuna, sasa zinanuka tapentaini au hazinuki

Kabla ya kulaumu umri, ponda mbegu moja. Mbegu nzima iliyokauka vizuri haipaswi kunukia sana juujuu, kwa kuwa mafuta yamefungiwa. Ukiiponda ikanukia, kila kitu kiko sawa.

Ukiiponda harufu ikawa dhaifu, chanzo cha kwanza ni kusagwa mapema. Unga una uso mkubwa na mifereji iliyofunguka, na joto la kinu chenyewe limeshachukua sehemu. Saga unachotumia, kwa awamu fupi, kinu kipoe katikati. Cha pili ni kukausha kwa joto kali; nyuzi 40 ni mpaka mzuri. Cha tatu ni oksijeni. Kwenye jira, terpineni ya gama hugeuka taratibu kuwa simeni, na harufu ya joto ya kuminaldehidi inaanza kuzungukwa na kitu kama rangi ya kupaka ukutani. Tofautisha hilo na harufu ya karanga zilizooza, ambayo ni mafuta mazito ya mbegu yaliyochacha. Yote mawili hayarekebishiki. Zuia mapema: mbegu nzima, unyevu usiozidi asilimia 10, chombo kisichopitisha hewa, giza, ubaridi. Mafuta yaliyokenekwa yakae kwenye chupa ya kioo cheusi iliyojaa, si kwenye plastiki nyembamba, maana limoneni hulainisha plastiki za namna hiyo.

*Simama hapa:* mafuta ya zamani yenye linaloli au limoneni yasipakwe mwilini. Zikishaoksidika huzaa vitu vinavyosababisha mzio wa ngozi, na mwili ukishaupata mzio huo haurudi nyuma kirahisi. Kwa ujumla mafuta yaliyokenekwa hayanywewi kama kiungo. Tone moja limekusanya harufu ya mbegu nyingi. Mtoto akiyameza, usimtapishe. Mpeleke hospitali pamoja na chupa.

Dalili: mbegu ni nzuri, mtambo hautoi

Anza na mbegu zenyewe. Umezivunja? Mvuke unaingia kwa shida kwenye mfereji uliofungwa. Zivunje vipande, zisiwe unga maana unga huganda tonge na mvuke unapita pembeni, kisha uzipakie papo hapo. Mbegu zilizovunjwa jioni na kukenekwa asubuhi zimepoteza limoneni usiku kucha.

Umesimamisha moto mapema? Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Limoneni huchemka kwenye nyuzi 176 na karvoni kwenye 231, na mtu angetegemea limoneni itangulie. Kwa kisibiti ambacho hakikuvunjwa, karvoni hutoka mwanzo, kwa sababu inayeyuka zaidi katika maji na hivyo inapenya ukuta wa tunda kwa wepesi. Ukikata moto katikati, mafuta yako yatakuwa na karvoni nyingi kupita ilivyo ndani ya mbegu, na utadhani zilikuwa zimekomaa kuliko kawaida. Kama unakeneka ili kujua hatua ya kuiva, endelea hadi mafuta yakome kutoka.

Umetazama maji yanayotoka? Linaloli inayeyuka kiasi kwenye maji, kwa hiyo maji ya giligilani yana mafuta yako. Yarudishe kwenye mtungi. Mafuta ya anisi yana uzito unaokaribia wa maji, yanajitenga polepole. Yape muda kabla ya kusema hayapo. Na kama majimaji yanatoka ya moto, kipoza mvuke hakitoshi na harufu inapotelea chumbani.

Isipokuwa kwa anisi na shamari. Kwa hizo, kipoza kikiwa baridi sana anetholi huganda ndani ya bomba na kuliziba, na mvuke unabaki hauna pa kutokea. Acha maji ya kupoza yawe vuguvugu. Ukiona matone yamekatika ghafla huku moto unawaka, au mfuniko unaanza kupuliza pembeni, zima moto, ondoka karibu, acha mtambo upoe wenyewe. Usifungue mfuniko wala usichokonoe bomba lenye joto. Valvu ya usalama isiyofunguka, mtungi uliovimba au nyufa kwenye maungio ni kazi ya fundi wa mitambo ya mvuke, na moto hauwashwi tena mpaka awe ameukagua.